Boriti ya Mama Theodora

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Programu ya kuchorea imegoma tena. Siku hizi haikai kwenye kompyuta — iko mtandaoni, na mtandao wa hapa Kanyenye unajua kuringa. Saa mbili nzima natazama kiduara kinazunguka. Ile ya zamani, niliyoiweka mwenyewe kwenye mashine, wameisitisha mwezi uliopita. Hakuna aliyeniuliza!

Mchana ikafunguka. Nimemaliza mchoro wa paa la kanisa la kigango cha Ulyankulu, nikamtumia Fundi Gervasi aliyeko huko kiungo pamoja na neno langu la siri — tunalichangia kama wapangaji na choo. Nikamweleza kwa maringo: mchoro ni mmoja tu, nikiugusa huku, wewe unauona huko. Akasema sawa dada, kesho atapanda kichuguu. Mtandao wao unapatikana huko juu tu.

Jumatano, 6 Novemba
Aibu. Tekla, katibu wa kigango, kapita mjini na daftari la vipimo. Boriti nilizichora mita 5.90 — hicho ni kipimo cha ndani. Nilisahau unene wa kuta! Inatakiwa 6.20. Nimesahihisha kabla hajamaliza chai yake. Akauliza kama Gervasi ana habari. Nikamjibu hakuna haja, akifungua ataona.

Boriti zenyewe si za kununua. Kila familia imetoa yake, jina limeandikwa kwa makaa. Ya Mama Theodora ni mninga. Mumewe aliuangusha mwenyewe, mwaka aliokufa. Tekla anasema ndiyo itakayotangulia kukatwa na kupandishwa, kwa heshima ya mjane.

Ijumaa, 8 Novemba
Mjomba Mabruki kapita akitoka Kwihara kupachika milango. Nikamsimulia kosa la boriti nikicheka. Hakucheka. Seremala kama yeye hukata fimbo yenye urefu wa kazi, na kila mtu anapimia hiyo. Kipimo kikibadilika, fimbo ya zamani inavunjwa palepale, mbele ya wote.

"Ya kwako umeivunja?"

Nikasema mchoro wa zamani haupo tena. Akasema hakuuliza mchoro, kauliza wanachopimia mafundi.

Amenikera. Alipoondoka nikaangalia: programu inaonyesha nani kafungua na lini. Gervasi — Jumanne. Siku moja kabla sijasahihisha!

Nimempigia mara tisa. Hapatikani. Nimempata Tekla, yuko Urambo msibani. Anasema Gervasi ana mguu mbaya, hawezi kupanda kichuguu kila siku. Jumanne alinakili mchoro wote kwa penseli kwenye ubao, akausimamisha ukutani. Mafundi wote wanapimia ubao huo. Kesho alfajiri wanaanza kukata. Nimemsihi afikishe ujumbe. Kasema atajaribu.

Mchoro wangu uko sahihi kabisa, dunia nzima inaweza kuuona. Nina hasira.

Jumamosi, 9 Novemba
Saa mbili asubuhi. Mtandao hakuna. Upo. Hakuna. Upo — halafu programu ikanitoa nje! Eti neno langu la siri linatumika kwingine. Nikatukana. Kisha nikaelewa: ni Gervasi. Yuko kichuguuni! Nilitaka kulia kwa furaha.

Akapiga mwenyewe. Anaona 6.20, ubao unasema 5.90. Nikamwambia asikate. Akajibu:

"Moja tumeshakata, dada. Niliiona fupi. Nikasema kompyuta haikosei, ninayekosea ni mimi."

Waliipandisha, haikufika ukuta wa pili. Ndipo akakumbuka kichuguu. Sikuuliza ni ya nani. Nikamwambia kosa ni langu, asijibebeshe. Akasema basi nimwambie mjane mwenyewe, ndiye huyo anapanda.

Simu iko mezani, spika wazi. Naandika huku nikimsubiri. Namsikia anavyohema, mtu mzima, kichuguu chote kile. Gervasi kampa simu. Nimemwamkia shikamoo.

Bado anahema. Naanza bila kungoja aitikie: mama, boriti yako nimeifupisha mimi.