Diski Yenye Sauti ya Ahlam

Chanika, Jumatano

Badru, wewe mtoto jeuri! Mwezi mzima umejichimbia Mbweni kwa shangazi yako, hata salamu huleti. Nani kakufundisha kumnunia bibi yako?

Huku hatujambo. Yule kuku mweusi katotoa saba.

Kompyuta nimeipeleka mwenyewe kwa fundi, Ubungo. Kaifungua, kaiunganisha diski na mashine yake, akasema, "Bibi, diski ni nzima. Huu mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta umekatikia njiani ukiwekwa. Nani alizima umeme?" Nikaangalia viatu vyangu.

Siku ulipouweka mfumo ule ulinionya nisiiguse kompyuta mpaka imalize. Mie nikaona inakula umeme bure, nikachomoa waya nipige pasi baibui la hitima ya mama yako. Kisha kwenye hitima hiyohiyo nikakuita mharibifu mbele za watu, eti umeipoteza sauti ya Ahlam, mama yako, akisoma kaswida. Ukainamisha kichwa, nami ule waya sikuutaja.

Fundi anasema sauti huenda ikapatikana, ila tusiweke kitu kipya humo.

Nilikutukana kwa mdomo, siwezi kukuomba radhi kwa karatasi. Njoo Ijumaa baada ya swala, na shangazi yako umlete. Nitasema mie, wewe ukae kimya.

Bibi yako,
Somoe