Mkono Mmoja kwa Mama Kihwele

Jumamosi, Igowole. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, na mpaka sasa saa nane mchana sijauona mti wa jirani. Nimevaa masweta mawili na bado baridi inanipata. Shajara yangu, leo sina habari njema.

Kazi nimeikosa.

Shangazi Semeni, dada yake baba, anaimba kwaya moja na Mama Kihwele, mwenye ghala la kufungashia parachichi kule Mafinga. Tangu nimalize chuo, na huu ni mwaka wa pili nipo nyumbani, shangazi amekuwa akinisemea kwa yule mama. Hatimaye akaambiwa: mlete Alhamisi kwenye mkutano wa wadau wa parachichi Iringa mjini, nimwone. Hakutaja usaili. Huku kwetu mtu anakusalimia tu, anakuangalia, basi ameshajua.

Mimi nikaenda na mambo ya semina. Chuoni walituambia kazi ni kujuana, usitoke kwenye mkutano bila namba za watu. Basi tangu asubuhi nilizunguka na simu mkononi, najitambulisha, naomba namba, nahifadhi. Nilijiona mjanja kweli. Kufika muda wa chai nilikuwa na namba thelathini na moja, na nimeshaombewa nafasi kwenye kundi la WhatsApp la wadau.

Hapo ndipo shangazi akamleta Mama Kihwele.

"Kamwene," akanisalimia, akanyoosha mkono. Nikaitikia, nikatoa wa kulia. Wa kushoto, ambao ulipaswa kuushika ule wa kulia kwa heshima, kama nilivyofundishwa kabla hata sijaanza shule, ulikuwa na simu. Akaanza kuulizia nyumbani: baba anaendeleaje, bibi bado ana nguvu, mahindi mmeshavuna? Salamu za Kihehe ni ndefu, na muda wote huo hakuuachia mkono wangu. Simu ikatetemeka. Nikaangalia. Mwenyekiti wa kundi alikuwa ananikaribisha.

"Maliza kwanza, mwanangu," Mama Kihwele akasema, akaniachia mkono.

Nami nikamaliza.

Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma. Niliandika kwamba nimefurahi sana kujiunga nao, nikaweka na kale kapicha ka mikono miwili ya kushukuru, ndipo nikainua uso. Mama Kihwele alikuwa ameshafika kwenye meza ya vitumbua. Shangazi alikuwa anaangalia sakafu.

Njia nzima ya kurudi hakunisema. Afadhali angenisema.

Leo asubuhi amekuja kwa miguu, ingawa namba yangu anayo. Akakaa jikoni, akapokea chai, akamuuliza baba habari zote mpaka za kuku, halafu akanigeukia. Nafasi amepewa binti mwingine. Akanifikishia maneno kama alivyoyapokea: "Amesema kazi yenyewe ilikuwa ya kuwapokea wazee wanaoleta parachichi ghalani. Anataka mtu wa kuwapokea kwa mikono miwili."

Wiki nzima nilikuwa nimekariri magonjwa ya parachichi na dawa zake. Mama Kihwele hakuniuliza hata moja.

Naona aibu. Na inayoniuma zaidi ni ya shangazi, maana kesho kanisani atasimama bega kwa bega na yule mama, waimbe sauti moja. Alinisemea miaka miwili, mimi nikamwangusha kabla chai haijapoa.

Baada ya yeye kuondoka nilichukua simu niandike samahani. Nikatafuta jina. Wapo watu wa mbolea, wa miche, wa makontena, wote thelathini na mmoja, na tangu niwaandikie Alhamisi hakuna aliyenijibu hata mmoja. Mama Kihwele hayumo. Namba yake sikumwomba. Kwenda kumwomba shangazi sasa, sina uso huo.

Na hata ningekuwa nayo, ningemwandikia nini mtu yule kwa simu hii hii?

Jumatatu nitakwenda Mafinga mwenyewe. Kazi imeshakwenda, siifuati tena. Simu nitaiacha hapa mezani. Nitasimama getini pamoja na wazee na makreti yao, nisubiri zamu yangu, nimsalimie upya tangu mwanzo, na akiuliza ya nyumbani nimjibu yote mpaka ya kuku.

Je, atanipa mkono?