Nimesuuza Matope ya Hariri ya Neema

Nimeiharibu hariri ya Neema! Kwa mikono yangu miwili, kwa maji safi, nikidhani namsaidia.

Hamjambo wenzangu. Leo ni Jumatano, Guangzhou, mawingu yameshuka na joto halitoki. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Neema ni mwanangu wa kwanza, anasomea ubunifu wa vitambaa hapa hapa. Mimi niliishia darasa la saba. Nguo nazijua kwa kuzishika: miaka mingi nachukua mizigo Zhanqian Road kupeleka Mwanza, hata wenye maduka wananiita laoban, yaani bosi. Lakini mwanangu anajua nguo inavyozaliwa. Mwalimu wake, bibi mmoja wa Kichina mwenye karakana kando ya mto nje ya mji, hupokea wanafunzi wachache, na mgeni ni Neema peke yake. Sasa kitambaa chake kimechaguliwa kwenye maonyesho ya karakana. Nani mwingine pale mtaani kwetu Dengfeng ana mtoto wa hivyo? Nitajieni.

Jana nikaenda kulala huko ili nione kazi. Wanasaga mizizi mfano wa viazi vikuu, ndani ni myekundu kama nyama. Hariri inachovywa kwenye maji yake, inaanikwa kwenye nyasi, inachovywa tena, siku nyingi, mpaka iwe na rangi ya chai isiyo na maziwa. Hayo Neema alishanieleza kwa simu, na mimi nikawaeleza watu kama vile nilikuwepo.

Ya matope sikuyasikia. Au aliyasema wakati nafunga mzigo.

Alfajiri nimechelewa kuamka. Nimetoka, nikawaona Neema na mwalimu wake mbali, upande wa pili wa uwanja, wameinamia kitambaa kingine. Mbele yangu, chini, hariri ya mwanangu. Naijua kwa uzi mwekundu aliouweka kwenye pindo. Imejaa matope ya mtoni. Matope mabichi!

Soko limenifunza kitu kimoja: doa usiliache likauke. Nikauvuta upande mmoja mpaka kwenye beseni, nikasuuza, nikasuuza, nikimshukuru Mungu aliyeniamsha.

"Mama! Mama, acha!"

Kumbe wameyapaka makusudi. Yanapakwa kabla jua halijatoka, yanaachwa yakutane na yale maji ya mizizi, na hariri inageuka nyeusi ya kung'aa. Nilikosuuza mimi pamebaki rangi ya chai.

Neema hakunigombeza. Alikaa chini akalia kimya, matope mpaka viwikoni. Bora angenigombeza.

Nimeomba wapake upya. Mwalimu amekataa, lazima kichovywe upya kwanza, na siku zilizobaki kabla ya maonyesho hazitoshi. Amekigeuza kitambaa huku na huku, kisha akasema maneno ambayo Neema aliyatafsiri bila kuniangalia: kitatundikwa hivyo hivyo kwa jina la Neema, ila aliyekisuuza asimame pembeni yake aeleze alichofanya, watu wasidhani mwanafunzi hajui kazi.

Mimi! Mbele ya watu!

Nimempigia Mama Wanjiru, jirani yangu wa Nairobi, anifariji. Amecheka mpaka akakohoa. "Aki Mama Neema, si ulisema tunakuja kuona msanii? Kumbe tunakuja kuona dobi!"

Maana nimealika watu, jamani. Mama ntilie wetu, mchungaji na mkewe, wabadilisha fedha, hata wapinzani wangu wa biashara. Hao hasa.

Nitakiri. Nimewaandikia kwamba maonyesho yameahirishwa, kidole kikawa juu ya kitufe. Nikituma, mimi nimepona. Na kazi ya mwanangu itaonwa na nani? Wakija siku nyingine wakaliona lile baka na mimi sipo, watasema Neema ndiye aliyekosea.

Nimeufuta ujumbe. Nimewaandikia mwingine:

Vaeni vizuri, mje wote, nina jambo la kuwaeleza mwenyewe. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi.