Maneno Manne Kutoka Kwenye Kiini

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na milima ya Kongo imepotea ng'ambo ya ziwa. Nami tangu jana natembea kama mtu aliye nusu usingizini.

Jana kwenye klabu ya kompyuta, mwalimu alitueleza juu ya kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu kwa kila programu. Kiini cha zamani, alisema, huweza kukupa kipande cha kumbukumbu bila kukisafisha kwanza. Nilifikiria mbao zetu za kuandikia za chuo cha Kurani hapa Buyenzi: usipoosha ubao wako vizuri, mwenzako anaona somo lako chini ya lake.

Alitupa programu ndogo ya kujaribia. Niliiomba mashini inipe namba moja tu. Ikanipa, na nyuma ya namba yakafuata mabaki: alama zisizo na maana, kisha maneno manne.

*Mama, nataka kuacha masomo.*

Kabla yangu alikuwa amekaa pale Riziki, rafiki yangu wa benchi moja, akimwandikia mama yake aliye kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa. Barua alikuwa ameifunga, lakini mabaki yake yalikuwa bado kwenye kumbukumbu.

Ningeweza kuzima kioo. Sikuzima. Nilisoma mara mbili.

Leo mchana, tukijikinga na mvua nje ya darasa, nilimwambia Riziki yote. Niliogopa kumpoteza hata kabla hajaondoka. Yeye akacheka.

"Kumbe ile mashini iko na mudomo kama wewe, Zuhura!"

Kisha akatazama maji yakishuka kutoka kwenye bati. "Usiambie mutu. Barua sijatuma bado."

Bado. Neno hilo nimelibeba hadi nyumbani taratibu, kama mtu abebaye yai.

Habari ya kiini nimempa mwalimu, bila kutaja barua. Jumamosi atasasisha mashini zote, na hakuna tena atakayeona kilichobaki cha mwenzake. Ni sawa kabisa. Hata hivyo najiuliza: bila kosa lile la mashini, ningejua lini?

Mwaka mzima tumekaa bega kwa bega, na sikuwahi kumuuliza kama anapakumbuka kwao.

Kesho, kabla ya kengele, nitamuuliza. Na nitanyamaza mpaka amalize kujibu.