Rehema na Lehema

Jumanne

Lehema! Nimezunguka Kampala nzima leo kwa sababu ya herufi moja.

Tangu tuhamie Mbuya, shule ya Kasubi inataka barua ya mwenyekiti wa mtaa mpya kuthibitisha anakoishi mwanangu Rehema. Isipofika kesho, nafasi yake anapewa mwingine. Jana mwenyekiti aliandika kama anavyotamka: Lehema. Akapiga muhuri mpaka meza ikatikisika. Nami nikashukuru bila kusoma. Mimi, ninayesahihisha hata vibao vya maduka!

Asubuhi karani wa shule akaisoma, akapekua daftari lake.

"Mama, mtoto huyu hatuna. Sisi tuna Rehema."

"Ndiye huyo huyo."

"Basi barua irekebishwe huko huko ilikoandikwa, nyabo."

Nikarudi Mbuya. Mwenyekiti akaisoma barua yake kwa sauti, ameridhika nayo kabisa.

"Lehema. Si ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema Rehema, ssebo."

"Ndiyo hiyo hiyo. Lehema."

Tungebishana mpaka magharibi. Nikaomba karatasi, nikaandika jina kwa herufi kubwa, nikamsihi anakili tu, asilitamke. Akaandika barua mpya, akalinakili jina bila kosa, akapiga muhuri.

Sasa nimeisoma barua mpya mara tatu. Rehema yuko sawa. Ila chini, penye jina la mzazi, ambalo sikumwandikia alinakili, mimi Zuhura nimekuwa Zuhula.

Sirudi tena kwake. Kesho nitaingia shuleni nikiwa Zuhula, na karani akiniita hivyo nitaitika. Nafasi inayotafutwa si yangu.