Nafasi Moja Kati ya Makontena

Baraka

Shangazi Pulchérie, wewe wa kambi ya bakimbizi ya Nyarugusu,

Huku Baraka samaki ndagala iko mingi ziwani, na mudogo wangu Divine alizaa mutoto mwanamuke. Baba tu njo mugongo inamusumbua, hawezi tena kuinama.

Basoda ba ng'ambo, benye kulinda amani, balirudi kwabo. Ile depo yao ya mazutu ya magari na chakula, yenye balijenga kwenye shamba Baba aliwaachia, iko wazi, basi nikaingia. Miaka yote nilikuwa najiuliza ndani kuna nini! Makontena balibeba yote, lakini alama zimebaki kwenye changarawe, mistari imenyooka kama ya kaye ya shule. Katikati, nafasi moja iko na majani mabichi na mawe meupe kuizunguka. Nikamuuliza Papa Sinzinkayo, mwenye alikuwa anaendesha mashine ya kubeba makontena:

"Hapa hamukuweka kitu?"

"Hapa ni kaburi," akasema. "Baba yako alikatala kusaini mpaka bachore hii nafasi kwenye karte, ile ramani ya depo. Kila Jumapili, akitoka misa, tulimufungulia mulango, anapalilia."

Shangazi, ulikimbia vita ukaacha mutoto wako amezikwa hapo. Kisha ulisikia Baba ametoa shamba, na haukushika tena simu yake. Njo maana naandika.

Juzi nilipalilia mimi. Nilitaka kumusalimia mutoto wako, nikakosa namna ya kumuita. Baba nikimuuliza jina lake, anasimama anatoka inje.

Aliitwa nani, Shangazi?

Mutoto wa kaka yako,
Aline