Maneno ya Mama Niliyoyakatiza

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na wanao. Mgongo umepoa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna afya.

Barua yako niliipata. Umenipongeza kwa filamu yangu fupi kuoneshwa pale maktaba, ukauliza kama bado nabishana na watu kuhusu kamera. Nilibishana sana, Dada. Nilimwambia kila aliyesimama kunisikiliza kwamba lenzi ndiyo jicho, kamera ni kopo tu. Kwamba picha mbaya huvumilika lakini sauti mbaya hufukuza watazamaji. Kwamba anayerekodi kwa simu ni mpiga porojo. Mpiga picha za harusi wa mtaani kwetu alicheka, akasema nina maneno ya mwongozaji mkubwa wa filamu na kazi za mtu anayejifurahisha Jumapili. Nikamnunia mwezi mzima. Leo naona alinisitiri.

Ukauliza tena lile swali: kama Mama alifariki akiwa bado na kinyongo nawe kwa kuolewa na dereva wa malori. Keti kwanza.

Wiki ile ya mwisho Mama aliniita asubuhi, akasema nilete kamera, ana neno la kukutumia. Alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, kitambaa cha kichwani amekifunga upya. Nilifurahi kama niliyepata mwigizaji! Nikamhamisha mara mbili kufuata mwanga wa dirishani. Akauliza kwa nini nisitumie simu tu, amalize akapumzike. Nikamwambia aniachie kazi yangu. Alipoanza kusema, jokofu lilivuma, nikamkatiza, nikalizima. Akaanza tena, pikipiki ikapita, nikamwomba arudie. Mara ya tano akanitazama, akasema, "Mwanangu, unanisikia mimi, au unasikiliza hicho chombo?" Nikamwambia ainue kidevu.

Nilikudanganya kuwa kadi ya kamera iliharibika. Haikuharibika, Dada. Mara ya sita alisema, "Mwambie dada yako, siku ile alipoondoka, mimi nili..." na hapo wingu likafunika jua, nami nikazima kamera. Nikamwambia tutamalizia kesho, mwanga ukiwa mzuri. Akaitikia tu kwa kichwa. Kesho yake hakuweza kusema, na hakusema tena.

Nimeisikiliza kadi hiyo mpaka nimekoma. Siwezi kukuambia alikusamehe, wala kwamba hakukusamehe. Nikikubunia neno, nitakuwa nimemkatiza mara ya pili.

Kadi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sehemu kubwa utasikia sauti yangu nikimwamuru. Nivumilie, au usinivumilie. Baba anakusalimu sana, yeye hajui lolote. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu hata kama umenikasirikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba